Mtoto Asiyetulia: Dawa Yake Nani Atalipa?

Jarida hili linasomwa kambini na pia na familia zilizokuja kukaa hapa Kimaka na kule Mbale, kwa hiyo mwezi huu tumechagua jambo linalogusa pande zote: mtoto asiyetulia, matibabu yake, na pesa ya matibabu hayo itatoka wapi.

Jambo hili halikutoka kichwani mwetu. Mama mmoja alikuja kwenye darasa letu la jioni hapa Kimaka, akakaa kwenye benchi la nyuma mpaka watoto wakaondoka. Mtoto wake wa kiume ana miaka 9. Alituambia: "Walimu, huyu mtoto amenishinda. Akikaa ni kama anakalia siafu. Shule imeniita mara tatu. Kaka yangu aliyeko ng'ambo anasema mtoto wake alikuwa hivyo hivyo, akapewa vidonge, bima ikalipa. Na mimi nimepata mtu mjini anaviuza vidonge hivyo. Nataka kuuza cherehani. Lakini kwanza niulize: hapa Uganda bima hiyo naipata wapi?"

Cherehani ndiyo inayolisha watoto wake wanne. Tulimwambia: "Mama, usiuze kitu kwanza. Tupe muda tuulize." Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyapata kwa kuuliza, kusoma na kumsindikiza mama huyo.

HALI HII NI NINI?

Waganga wanaiita ADHD. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Mtoto anashindwa kukaza akili kwenye jambo moja, au hatulii mwilini, au anafanya mambo kabla ya kufikiri. Wengine wana yote matatu. Si watundu wote wenye hali hii. Mganga anaangalia kama dalili zimeanza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayesumbua shuleni tu huku nyumbani ni mtulivu, mara nyingi tatizo lake liko shuleni.

Wengine wanasema huu ni ugonjwa wa wazungu, na wengine wanasema ni kurogwa. Si kweli. Duniani kote inakadiriwa watoto kama 5 kati ya 100 wanayo. Daktari mmoja Mwingereza, George Still, alieleza watoto wa namna hii mbele ya waganga wenzake London mwaka 1902. Hata kwa bibi zetu walikuwepo, isipokuwa waliitwa watundu wakapelekwa kuchunga mbuzi.

Lakini kwa watoto wetu sisi wakimbizi kuna jambo la kuangalia sana. Mambo mengine yanafanana na ADHD lakini siyo yenyewe:

- Mtoto aliyeona vita. Akisikia mlango umegonga anaruka, usiku halali, darasani akili inakwenda mbali. Huyu anahitaji msaada wa aina nyingine.
- Mtoto asiyesikia vizuri. Masikio yenye usaha yanaweza kumfanya aonekane mkaidi.
- Mtoto mwenye njaa, minyoo, au damu kidogo.
- Mtoto mwenye kifafa cha kukodoa macho kidogo, akapoteza maneno ya mwalimu bila kuanguka.
- Mtoto aliyewahi kuugua malaria ya ubongo. Watafiti waliofuatilia watoto waliotibiwa Mulago, wakatoa matokeo mwaka 2008, waliona kwamba karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa bado na tatizo la kufikiri, kukumbuka au kukaza akili miaka 2 baada ya kupona.

Kwa hiyo kununua vidonge kabla ya kupimwa ni sawa na kununua viatu bila kujua mguu ni wa nani.

BIMA NI KITU GANI HASA?

Wengi wetu tunajua likelemba, au vikundi vya kuweka akiba. Kila mtu anatoa kidogo, zamu ikifika unapokea. Bima ya afya ni ndugu wa likelemba, lakini haina zamu. Wote wanachanga, anayepokea ni aliyeugua. Usipougua, mchango wako umemtibu mwenzako. Na bima haikupi pesa mkononi. Inalipa hospitali, tena kwa yale tu yaliyoandikwa kwenye mkataba.

Hapa Uganda wenyeji wanalijua jambo hili tangu zamani. Kule kusini magharibi kulikuwa na vikundi vya engozi, yaani vya machela. Majirani walichanga na kupeana zamu ya kumbeba mgonjwa mlimani mpaka hospitali. Hospitali ya Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, mwaka 1996 ilitumia vikundi hivyo hivyo kuanzisha bima ya kijamii. Familia zilijiunga kwa kikundi, si mtu mmoja mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mtu akijiunga peke yake siku ameugua, mfuko unakwisha haraka. Inabidi wazima na wagonjwa waingie pamoja.

JE, UGANDA KUNA BIMA YA TAIFA?

Jibu fupi ambalo mama yule alilihitaji: hamna. Mswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge tarehe 31 Machi 2021. Rais hakuusaini, na Bunge lile la 10 likamaliza muda wake mwezi Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu akija kwako na fomu akisema anaandikisha wakimbizi kwenye bima ya taifa, ulipe shilingi fulani upate kadi, usitoe pesa. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC au ofisi inayoshughulikia wakimbizi, uliza.

Majirani zetu wako tofauti. Kenya walikuwa na NHIF tangu 1966, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 waliibadilisha kuwa SHA, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Rwanda wana mutuelle de santé, na mwaka 2019 serikali na UNHCR walikubaliana kuwaingiza wakimbizi wanaoishi mijini. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Kigali wanapotusimulia habari za kadi, sisi tunabaki tunashangaa. Kila nchi na utaratibu wake. Kadi ya Rwanda haitibu Jinja.

KADI HAMNA, LAKINI MLANGO UPO

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunadhani bila bima hakuna matibabu. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Katika hospitali kubwa za serikali malipo yalibaki upande wa kulipa tu, ule wanaouita wa binafsi. Na kwa sera ya nchi hii, mkimbizi anapokelewa kwenye kituo cha serikali kama raia. Afya ya akili pia imo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya 1964 inataka huduma hiyo itolewe mpaka kwenye vituo vya chini, isibaki Butabika tu.

Njia yenyewe inapanda kama ngazi:

Ngazi ya kwanza ni VHT wa kijiji au mtaa wako. Hana dawa hii, lakini anajua kituo kipi kina mganga wa akili na siku gani anakaa.

Ngazi ya pili ni kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne. Kwa walio karibu na Kimaka kuna Mpumudde, na kwa wengine wa Jinja kuna Walukuba na Bugembe, vyote vya daraja la nne. Hapo mtoto apimwe masikio, macho, damu, malaria na uzito. Ukipewa rufaa, omba iandikwe.

Ngazi ya tatu ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Jinja ipo, Mbale ipo, na zote mbili zina sehemu ya afya ya akili. Msiogope jina hilo. Kupita mlango wa sehemu ya akili hakumfanyi mtoto kuwa mwendawazimu. Wanaotibiwa pale ni pamoja na wenye kifafa, wasiolala na wenye huzuni.

Ngazi ya nne ni Butabika, Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambayo ina sehemu ya watoto. Kutoka Jinja ni kama kilomita 80. Usianzie huko. Ukianzia juu bila rufaa unaweza kulipa nauli bure ukarudishwa chini.

Cha kubeba: karatasi ya familia, ile tunayoiita atesitesheni, au kitambulisho cha mkimbizi, daftari la matibabu la mtoto, barua ya mwalimu, na orodha ya dawa zote alizowahi kunywa, hata za miti shamba. Kama hujui Kiganda, Kisoga wala Kiingereza, nenda na mtu wa kutafsiri aliye mkubwa. Tafadhali msimtumie mtoto mwenyewe atafsiri matatizo yake. Ni aibu kwake, na maneno mengine atayaruka.

Kuhusu barua ya mwalimu: hii ni haki yako kuiomba. Isiandikwe "mtoto ni mkorofi". Iandikwe anachofanya: "Katika somo la dakika 40 anasimama mara nyingi. Anaanza hesabu 10 anamaliza 3. Anasahau kalamu kila siku." Mganga anahitaji vitu vya kuhesabu, na hukumu haimsaidii.

BURE, LAKINI SI BURE YOTE

Tuseme ukweli. Kumuona mganga ni bure, lakini kuna gharama zinazojificha. Kuna nauli ya boda au teksi, mara nyingi kila mwezi. Kuna siku ya kazi unayopoteza. Na kuna wakati kabati la dawa ni tupu, unaandikiwa karatasi ukanunue nje.

Dawa za serikali zina alama ya kwamba si za kuuzwa. Mtu akikuuzia dawa yenye alama hiyo, hata kama amevaa koti jeupe, hiyo ni makosa. Na ukiambiwa ulipe kitu kwenye kituo cha serikali, uliza kwa upole: "Hii ni ya upande wa kulipa? Naomba risiti." Swali hilo moja linaweza kukuokolea mfuko.

DAWA YENYEWE

Dawa inayojulikana sana kwa ADHD inaitwa methilfenideti. Pakiti nyingine zimeandikwa Ritalin. Ilitengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944. Kwa watoto wengi wenye ADHD ya kweli inasaidia. Kidonge cha kawaida kinafanya kazi saa chache tu, kama 4 hivi, halafu kinaisha mwilini. Hakiponyeshi moja kwa moja. Ni kama miwani: ukiivaa unaona, ukiivua hali iko pale pale.

Dawa hii imewekwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kati ya zile zinazodhibitiwa, kwa sababu watu wengine wanaitumia vibaya. Kwa hiyo haiwezi kuuzwa kama panadol. Anayekuuzia kwenye bahasha bila karatasi ya mganga hata hujui kilichomo ndani.

Inaweza kumpunguzia mtoto hamu ya chakula, kumnyima usingizi, kumpa maumivu ya kichwa au tumbo, na kuongeza mapigo ya moyo. Kwa mtoto ambaye chakula chake tayari ni kidogo, kupoteza hamu ya kula si jambo dogo. Ndiyo maana lazima apimwe uzito, mapigo ya moyo na presha kabla ya kuanza na wakati anaendelea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya kawaida unasema wazazi na walimu wafundishwe kwanza namna ya kumsaidia mtoto. Dawa inafuata kama hilo halikutosha, kwa mtoto wa miaka 6 au zaidi, tena chini ya mganga bingwa.

Mbona basi ni vigumu kuipata bure? Nchi nyingi zinapopanga dawa za kununua zinatazama orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2019 na tena 2021 wataalamu waliombwa waiweke dawa hii kwenye orodha, wakakataa, wakisema ushahidi uliopo hauwatoshelezi. Dawa ikikosa orodha, inakosa na bajeti. Kwa hiyo usimgombeze nesi wa dirishani. Hakuificha yeye.

Kabla hujaanza dawa ya kununua, piga hesabu ya mwaka mzima. Tuseme, kwa mfano tu, kidonge ni shilingi 2,000 na mtoto anahitaji 2 kwa siku. Hiyo ni 4,000 kwa siku, 120,000 kwa siku 30, na 1,440,000 kwa miezi 12. Hapo nauli hatujahesabu. Mama yule tulipopiga naye hesabu hii alinyamaza, akasema: "Basi cherehani ingetosha miezi miwili, mitatu, halafu tungebaki bila cherehani na bila dawa." Uliza bei halisi, weka kwenye hesabu hiyo hiyo, halafu mwambie mganga wazi kiasi unachoweza. Mganga anayejua mfuko wako anaweza kupanga tofauti.

UKIPATA BIMA SIKU MOJA

Kuna familia ambazo baba au mama amepata kazi yenye bima ya kampuni, na kuna wanaohamishiwa nchi nyingine. Furaha yao ni yetu. Lakini kadi ya bima si ufunguo wa kila mlango. Kabla ya kufurahi, uliza maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Watoto wangu wamo, au ni mimi peke yangu? Mpaka umri gani?

2. Afya ya akili imo? Mikataba mingi ya bima binafsi inaiacha nje, au inaweka kiwango kidogo cha pesa kwa mwaka.

3. Hali aliyokuwa nayo mtoto kabla ya kujiunga inakubaliwa? ADHD inaanza utotoni, kwa hiyo wanaweza kusema ilikuwepo tayari. Usiifiche. Ukidanganya kwenye fomu wakagundua, wanaweza kukataa yote.

4. Kuna miezi ya kungoja kabla haijaanza kulipa?

5. Dawa hii imo kwenye orodha yao? Wengine wanalipa kumuona mganga lakini hawalipi dawa ya kila mwezi.

6. Lazima niombe ruhusa kabla? Bima nyingine hazilipi mpaka mganga aandike barua nao wakubali kwanza.

7. Hospitali gani na duka gani la dawa wanakubali kadi hii?

8. Kuna sehemu nitakayolipa mwenyewe kila ninapokwenda?

Wakikataa kulipa, usikunje karatasi ukaenda kulia nyumbani. Omba sababu kwa maandishi, ipeleke kwa mganga, muombe aandike barua ya kueleza kwa nini mtoto anahitaji, halafu uirudishe. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa mara ya pili.

Kwa wenye ndugu ng'ambo, mjue kwamba huko nako hakufanani. England mtoto chini ya miaka 16 halipi dawa aliyoandikiwa na daktari. Marekani kila bima ina orodha yake na masharti yake, ingawa kuna sheria ya mwaka 2008 inayozuia bima kubwa zinazotibu akili kuweka vizuizi vikali kwa akili kuliko kwa mwili. Kwa hiyo kaka wa yule mama hakudanganya. Alisema ukweli wa kwake. Na kama ndugu anataka kukutumia vidonge kwenye mfuko wa msafiri, mwambie asante lakini asitume. Dawa inayodhibitiwa ikikamatwa mpakani bila karatasi ni kesi, na kipimo cha mtoto wake si kipimo cha mtoto wako.

MATIBABU AMBAYO HAYANA RISITI

Tunafurahi kuandika sehemu hii, maana haihitaji kadi. Wataalamu wanaihesabu kuwa matibabu kamili, si kitu cha kumliwaza maskini.

Nyumbani:
- Toa agizo moja moja. Ukisema "lete maji, funga mlango, mwite dada yako, halafu ukaoge", atakumbuka moja. Mwite jina, akuangalie, sema moja, afanye, halafu la pili.
- Msifu papo hapo anapofanya vizuri. Sifa ya jioni kwa jambo la asubuhi imechelewa.
- Siku iwe na mpangilio: kuamka, kula, masomo, kulala, saa zile zile.
- Mpe kazi za mwili kabla ya masomo. Kuteka maji kwanza, kisha daftari.
- Alale vya kutosha. Chumba kimoja cha watu saba ni tabu, tunajua, lakini redio inaweza kuzimwa.

Darasani:
- Akae mbele, mbali na dirisha na mlango.
- Kazi ikatwe vipande vipande. Hesabu 3, aonyeshe, halafu 3 nyingine.
- Apewe ruhusa ya kusimama: afute ubao, agawe vitabu.
- Asichapwe. Tangu mwaka 2016 sheria ya watoto ya Uganda inakataza viboko shuleni.

Hapa lazima tuungame. Sisi wenyewe walimu wa kujitolea tulimkosea mtoto huyu. Kabla mama yake hajaja, tulimtoa nje ya darasa mara nyingi, na mmoja wetu alimpiga makofi siku moja kwa kumwaga wino. Tulidhani anatudharau. Tulipomwomba mama msamaha, alitujibu: "Hata mimi nimempiga, wanangu. Hakuna aliyetufundisha." Alitusamehe haraka kuliko tulivyostahili.

MAMA YULE SASA

Tulimsindikiza ngazi kwa ngazi. Kwenye kituo cha afya waliona sikio moja lina usaha, wakampa dawa bure. Tukashangilia tukidhani tumemaliza. Sikio likapona, lakini mtoto akabaki vile vile. Tukarudi, tukapewa rufaa. Hospitali walimuona mara tatu, wakasoma barua yetu, wakamuuliza mama maswali mengi, hata ya safari ya kukimbia. Wakasema ni ADHD, na pia ana hofu za vita, mambo mawili kwa pamoja. Hawakuanza na kidonge. Walimpa mama siku za kufundishwa pamoja na wazazi wengine, na sisi wakatupa karatasi ya mambo ya kufanya darasani. Walisema baada ya miezi sita wataangalia kama dawa inahitajika.

Hatuwezi kuwaambia kwamba sasa ametulia kama maji ya mtungi. Wiki iliyopita alipanda mwembe wakati wa somo la kusoma. Lakini sasa anamaliza hesabu 6 kati ya 10, na shule haijamwita mama tena. Cherehani ipo, tumeisikia ikilia tulipopita jana.

Gharama iliyombana zaidi ilikuwa nauli. Hapo ndipo wazazi watano wenye watoto wa namna hii walipokaa wakaamua kuchanga shilingi 1,000 kila Jumamosi, mwenye siku ya kliniki apewe nauli. Si bima ya taifa, lakini ni engozi yetu. Mwaka 2025 misaada kwa wakimbizi Uganda ilipunguzwa sana, kila mtu aliona kwenye sahani yake. Tukikaa tunangoja kadi, watoto watakuwa watu wazima. Mkono mmoja haulei mwana.

Mzazi mwenye mtoto anayemshinda asione haya. Njoo darasani Kimaka jioni yoyote ya masomo, tutakusaidia kuandika barua ya mwalimu, hata kama mtoto wako hasomi kwetu. Kwa walioko kambini, mwoneni VHT wenu au mwalimu mlezi wa shule, mwonyesheni ukurasa huu. Na ndugu mwalimu unayesoma haya, kesho ukiingia darasani, yule anayekuudhi kuliko wote mwite kwa jina, mpe kazi ya kufuta ubao.

Tuonane toleo lijalo. Mungu awalinde na watoto wenu.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, Kimaka